Sebule ni ya Watu, si ya Makochi

Siku nyumba inapopatwa na msiba, kazi ya kwanza ya vijana wa mtaa ni kutoa makochi nje. Kabla turubai halijafungwa, kabla sufuria hazijaazimwa na kabla jamaa wa mbali hawajafika, utawaona vijana wanne wakipambana na kochi kubwa mlangoni, wakiligeuza ubavu huu na ubavu ule, huku mmoja akipiga kelele kwamba vidole vyake vimebanwa. Meza ya kioo hufuata, na kabati la vyombo husukumwa hadi pembeni. Kisha sakafu hufagiwa, majamvi na mikeka hutandikwa, na akina mama huingia wakakaa. Chumba ambacho jana hakikutosha watu wanane, leo kinapokea watu ishirini. Nao huweza kushinda humo kutwa, wakalia, wakasali, wakala, na usiku wakalala papo hapo.

Nimeyaona hayo mara nyingi, nawe ndugu msomaji bila shaka umeyaona. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linalotokana nayo. Ikiwa samani zetu hazifai siku ya msiba, hazifai siku ya arusi, hazifai siku ya maulidi wala siku ya ubatizo, zinafaa siku gani? Ikiwa kila jambo kubwa la maisha yetu hutulazimu kuzitoa nje, je, tulizinunua kwa ajili ya maisha yetu, au kwa ajili ya maisha ya watu wengine?

Shabaha ya insha hii ni kutetea nyumba yenye samani chache. Natambua kwamba utetezi huo unaweza kueleweka vibaya, kwa kuwa katika jambo hili wapo watu wa aina mbili ambao, kwa maoni yangu, wote wamepotoka. Wa kwanza ni wale wanaoamini kwamba chumba kisicho na makochi ni chumba cha maskini au cha mshamba, na kwamba maendeleo ya nyumba hupimwa kwa wingi wa vitu vilivyomo. Wa pili ni wale waliokwisha kuchoshwa na makochi, nao sasa wanatuletea kutoka ng'ambo mtindo wa chumba cheupe chenye kiti kimoja na chungu kimoja cha maua, wakitueleza kwamba huo ndio ustaarabu mpya ambao sisi hatujapata kuujua. Wale wa kwanza wanakionea haya walichorithi. Hawa wa pili wanauziwa kwa bei kubwa kivuli cha urithi huo huo. Nitasema na kila kundi kwa zamu yake.

Tuanze na lugha, kwa sababu maneno hukumbuka mambo ambayo wasemaji wake wamekwisha kuyasahau. Neno kiti ni ndugu wa neno mti. Kitanda ni jamaa ya kutanda na kutandika. Kigoda na mkeka ni maneno yetu ya kale. Meza na kasha tuliyapokea kutoka kwa Wareno, sanduku kutoka kwa Waarabu, na kabati, kochi na sofa kutoka kwa Waingereza. Sina ugomvi na maneno ya kukopa, maana kila lugha iliyo hai hukopa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba orodha yetu ya asili ilikuwa fupi, na ufupi huo haukutokana na upungufu wa akili ya kuunda vitu. Je, watu waliounda majahazi na kuchonga milango ya Unguja na Lamu wangeshindwa kuunda makochi? La hasha! Hawakuyaunda kwa sababu hawakuyahitaji.

Litazame na neno baraza. Kwa asili yake nyumbani, baraza ni kikalio cha udongo au cha mawe kilichoungana na ukuta wa mbele. Hapo wazee hukaa jioni, kahawa hunywewa, bao huchezwa, majirani waliogombana husuluhishwa, na habari za mjini hupokewa. Kwa kuwa mashauri yalifanyiwa hapo, jina moja likawa la mahali na la mkutano pia. Na leo tunasema Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi na Baraza la Mitihani. Vyombo vikubwa vya dola vinaitwa kwa jina la samani ambayo haikununuliwa dukani, haichukui hata inchi moja ya nafasi ya chumba, na ambayo mpita njia yeyote hukaribishwa kuikalia. Mwanafunzi anayeona haya kukaa barazani kwa babu yake na akumbuke hilo.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Katika majumba ya mawe ya Lamu, ambayo mengi ya yale yaliyo bora yalijengwa katika karne ya 18, dari hushikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, na kwa hiyo upana wa chumba aghalabu haukupita mita 3. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Fundi aliyejua kwamba chumba ni chembamba hakukijaza vitu katikati, alivipeleka ukutani. Ndiyo maana tunaziona zidaka, yaani zile safu za vishubaka vilivyopambwa kwa nakshi za chokaa katika ukuta wenyewe, ambamo ziliwekwa sahani za Kichina na vyombo vingine vya thamani. Sakafuni palibaki kitanda, kasha, kiti kimoja au viwili, na mikeka. Mtu akitaka leo kuliingiza kochi la watu watatu katika chumba kama hicho, atakuta kwamba ama kochi litakaa ama watu watapita. Yote mawili hayawezekani kwa raha.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, Tanga au Tabora ilifuata hekima ya namna hiyo kwa vifaa vingine. Ukumbi hupita katikati, vyumba huwa huku na huku, na nyuma kuna ua. Mara nyingi jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa cha kulala usiku, cha kulia chakula mchana, na cha kupokea wageni jioni. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kila kitu kilichokuwamo kiliweza kukunjwa, kubebwa au kusimamishwa pembeni. Mkeka wa ukindu huviringwa na mtoto wa miaka mitano. Kitanda cha kamba, chenye tendegu nne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, hubebwa na watu wawili hadi uani ili kipate jua. Na kamba zikilegea hukazwa, ndiyo maana watani wakakiita teremka tukaze. Kitu kinachoharibika na kutengenezwa na mwenyewe, hapo hapo nyumbani, ni mali ya kweli.

Bara nako kulikuwa na kigoda, kilichochongwa kutoka gogo moja, na mara nyingi kikawa na miguu mitatu. Kwa nini mitatu? Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaeleza wanafunzi wake kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja hupitiwa na bapa moja tu, na kwa hiyo kiti cha miguu mitatu hakitikisiki hata kikiwekwa juu ya sakafu ya udongo yenye mabonde. Kiti cha miguu minne huhitaji sakafu iliyosawazishwa. Mchongaji wetu hakusoma jometri ya vitabuni, lakini aliifanya. Naye alipotaka kuonyesha fahari hakushindwa: viti vya enzi vya Wanyamwezi, vyenye mgongo mrefu na umbo la mtu lililochongwa mgongoni, vinasifiwa na wajuzi wa sanaa duniani, na kimoja kilicho mashuhuri kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Berlin.

Basi wale wanaosema kwamba chumba cha mababu kilikuwa kitupu kwa sababu ya umaskini hawakukielewa. Umaskini ulikuwapo, na hatuna haja ya kuuficha. Lakini uwazi wa sakafu ulikuwa pia mpango. Sakafu iliachwa wazi kwa sababu haikujulikana ni watu wangapi watakuja. Methali yetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwezi kumwambia mgeni njoo, kisha ukawa umekwisha kuamua, kwa idadi ya makochi yako, kwamba wageni wa nyumba hii hawatazidi saba.

Twende kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Tuchukue mfano wa sebule yenye futi 12 kwa futi 10, yaani futi za mraba 120. Tuingize kochi la watu watatu lenye futi 7 kwa 3, hapo zimekwenda futi 21. Kochi la watu wawili la futi 5 kwa 3, futi 15. Makochi mawili ya mtu mmoja mmoja ya futi 3 kwa 3, futi 18. Meza ya katikati ya futi 4 kwa 2, futi 8. Kabati la vyombo la futi 5 kwa moja na nusu, futi 7 na nusu. Jumla ni futi 69 na nusu. Zaidi ya nusu ya chumba imechukuliwa ili kuwakalisha watu saba, na mtu wa nane akija hana budi kusimama au kuletewa kiti cha jikoni. Chumba hicho hicho kikitandikwa mikeka, na kila mtu akipewa futi za mraba 6, kinapokea watu ishirini. Wakiondoka, mikeka huviringwa, na chumba kinakuwa karakana, darasa au uwanja wa mtoto anayejifunza kutambaa. Mwanafunzi asiyeamini na apime sebule ya kwao kwa kamba na futi, alete majibu darasani.

Lakini hasara ya nafasi si kubwa kuliko hasara nyingine. Makochi hayo aghalabu hununuliwa kwa mkopo, au kwa fedha ya upatu iliyongojwa miezi mingi. Yakiisha kuingia nyumbani, huvishwa vitambaa vya kufuma, na mengine huachwa katika nailoni yake ya dukani yasipate vumbi. Kisha huanza utawala mpya. Watoto hufukuzwa sebuleni wasiyachafue. Baba hurudi kazini akajikuta anakaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa. Binti wa sekondari mwenye mtihani hupiga magoti ukumbini, daftari likiwa juu ya kigoda cha mbuzi ya nazi, wakati ng'ambo ya ukuta chumba kikubwa kuliko vyote kimefungwa na kungoja mgeni ambaye hajulikani atakuja lini. Nauliza, ni nani mwenye nyumba hapo? Watu wanaishi pembezoni mwa nyumba yao wenyewe ili vitu vikae katikati.

Na tabia hii haikuanguka kutoka mbinguni. Chini ya utawala wa kikoloni, afisa alikaa katika nyumba iliyopangwa kwa samani za namna ya kwao, na raia aliyeitwa mbele yake alisimama. Kuwa na kiti kikubwa na meza kubwa kukawa ndiyo sura ya ukubwa. Karani akamtazama afisa, mwalimu akamtazama karani, na mwananchi akawatazama wote. Uhuru ulipokuja tulibadili bendera, na mwaka 1962 ikaundwa Tanganyika wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Tangu wakati huo tumejadili sana ngoma, mavazi, lugha na majina. Kochi tulilipitia pembeni, tukidhani kwamba kiti ni kiti tu. Lakini kiti kinamfundisha mtoto kila siku, bila mwalimu na bila kitabu, ni nani anayestahili kukaa na ni nani anayestahili kusimama mlangoni.

Yuko atakayesema kwamba makochi yanawapa kazi maseremala wetu. Ni kweli kwamba pale Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, mafundi wengi wanaishi kwa kazi hiyo, wala siwatakii njaa. Lakini tuulize kazi hiyo inawafanya mafundi wa namna gani. Kochi kubwa ni fremu iliyofichwa. Juu yake kuna sponji, juu ya sponji kuna kitambaa, na macho ya mnunuzi yanaishia kwenye kitambaa. Mbao zilizo ndani zinaweza kuwa mbichi, zinaweza kupigiliwa misumari ovyo, na hakuna atakayejua mpaka siku litakapovunjika. Kwa upande mwingine, chukua stuli au benchi la mninga, au kitanda cha mkongo. Hapo kila kiungo kinaonekana. Ulimi wa ubao usipoingia sawasawa katika tundu lake, mtoto atauona upenyo. Samani chache na zilizo wazi humdai fundi ustadi, na ustadi humpa fundi bei na heshima. Aidha miti yetu ya thamani, kama mvule, mninga na mpingo, hukua polepole sana. Si busara kuikata ili tujaze vyumba vitu ambavyo baada ya miaka michache vitatupwa. Kitanda kimoja kilichoundwa vizuri na kurithiwa na wajukuu ni akiba ya msitu.

Sasa nageukia kundi la pili. Hawa wamesoma magazeti ya ng'ambo yenye picha za rangi, nao wamegundua kwamba matajiri wa Ulaya na Marekani hawajazi tena vyumba vyao. Chumba ni cheupe, dirisha ni kubwa, kiti ni kimoja. Jambo la kusikitisha si kwamba wanapenda uchache, bali kwamba walihitaji kuuona katika picha ya ugenini ndipo waupende. Bibi yake alipotandika mkeka mmoja katika chumba kilichopakwa chokaa, mjukuu aliuita ufukara. Mkeka ule ule ukipigwa picha katika nyumba ya Mzungu, anauita sanaa. Na atalipa fedha nyingi kuununua mkeka wa kiwandani ulioigizwa wa bibi yake. Mwacha mila ni mtumwa; na mtumwa wa namna hii hulipa mwenyewe gharama ya minyororo yake.

Zaidi ya hayo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaotusifia mtindo huo wangefaa wajue historia yake. Mwaka 1910 msanifu majengo wa Vienna, Adolf Loos, alitoa mhadhara uliopata sifa kubwa, akidai kwamba kupamba vitu vya matumizi ni dalili ya kubaki nyuma. Mfano wake ulikuwa ni watu wa Papua, wanaojichora mwili na kuvichora vyombo vyao. Kwake, kuendelea kwa binadamu kulikuwa ni kuyaondoa mapambo hayo. Angalia basi ubishi huo ulijengwa juu ya nini. Ulijengwa juu ya dharau kwa watu ambao, kama sisi, walitazamwa na Ulaya ya wakati ule kama watoto wa dunia. Chumba kisicho na nakshi kilitangazwa kuwa cha mtu mzima aliyestaarabika, na nakshi ikaachiwa mshenzi. Je, leo tuipokee hukumu hiyo kwa mikono miwili na kuiita usasa?

Wakwetu hawakufikiri hivyo, na hapa ndipo uchache wetu unapotofautiana na wa Loos. Vitu vilikuwa vichache, lakini vilipambwa. Tendegu za kitanda zilikerezwa na kutiwa rangi. Mkeka ulisukwa kwa ukili wa rangi mbalimbali, na mke mwema aliujua mkono wa shoga yake kwa kuutazama mshono tu. Kiti cha enzi cha pwani kilifumwa kwa kamba nyembamba na kutiwa njumu za pembe. Nakshi na uchache vilikaa katika chumba kimoja bila kugombana, kwa kuwa mtu mwenye vitu vitano anaweza kuvipenda vyote vitano.

Wapo Wazungu waliokuwa na nia njema zaidi. Shule ya usanifu ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius huko Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, ilitafuta vitu vya nyumbani vilivyo rahisi, vinavyoweza kutengenezwa viwandani kwa wingi, wakati ambapo wafanyakazi wa miji ya Ujerumani walikuwa na shida kubwa ya makazi. Mwalimu wake Marcel Breuer aliunda kiti cha mabomba ya chuma mwaka 1925. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka. Lakini ona mwisho wa safari. Ludwig Mies van der Rohe, aliyekuwa mkuu wake wa mwisho, alikuwa ameunda mwaka 1929 kiti cha chuma na ngozi kwa ajili ya jengo la Ujerumani katika maonyesho ya Barcelona, ambamo mfalme wa Hispania angepokewa. Leo kiti hicho huwekwa katika kumbi za mabenki na makampuni makubwa, na mfanyakazi hawezi kukinunua. Wazo lililokusudiwa kwa mnyonge likaishia kwa mwenye nacho. Ndivyo uchache unavyogeuzwa kuwa fahari: tajiri anaonyesha kwamba ana nafasi nyingi kiasi cha kuiacha bila kazi. Chumba chake kiko wazi, lakini hakimngojei mtu. Ukienda na jamaa zako kumi, utaona uso wa mwenyeji ukibadilika.

Kama tunataka mfano wa ugenini wa kujifunzia, na tuwatazame Wajapani. Nyumba yao ya jadi hutandikwa mikeka minene iitwayo tatami, na ukubwa wa chumba huhesabiwa kwa idadi ya mikeka: chumba cha mikeka sita, chumba cha mikeka minane. Godoro hutandikwa usiku, na asubuhi hukunjwa na kuwekwa kabatini ukutani, na chumba cha kulala kikawa cha kukaa. Wajapani walijenga viwanda na reli, wakatengeneza magari yanayojaa katika barabara zetu, wala hawakuona kwamba kukaa chini ni kikwazo cha elimu. Hata leo, ijapokuwa nyumba nyingi za huko zina viti na vitanda vya Kizungu, hesabu ya mikeka bado inatumika. Msanifu wa Kijerumani Bruno Taut alipofika huko mwaka 1933 aliandika kwa heshima juu ya nyumba zao. Hawakungoja sifa yake ndipo wapende sakafu yao.

Katika ubishi huu sitaki kuwadanganya wanafunzi kwamba kila cha zamani kilikuwa chema. Kulala chini juu ya sakafu ya udongo kulileta maradhi. Homa ya papasi huletwa na mdudu anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za namna hiyo. Kitanda kilichoinuka, sakafu ya saruji na chandarua ni maendeleo ya kweli, na atakayeyapinga kwa jina la utamaduni anawatakia watu mauti. Vilevile mzee mwenye magoti mabovu na mama mjamzito wanahitaji kiti chenye mgongo, na ni utovu wa adabu kuwakalisha chini kwa ajili ya nadharia.

Kuna na doa lililo zito zaidi. Mpango wa zamani ulikuwa na vyeo ndani yake. Katika miji ya pwani mwungwana alikalia kiti cha enzi, na mtumwa aliyeyafagia majumba yale hakukalia kitu. Katika nyumba nyingi hata leo baba hukalia kiti, na mama na mabinti hukaa mkekani karibu na mlango wa jikoni. Ikiwa mkeka ni alama ya unyonge wa mwanamke, basi mimi si mtetezi wake. Ninautetea mkeka ambao wote huukalia, baba akiwa wa kwanza kuvua viatu. Siku ya msiba, mkurugenzi na mfagizi huketi jamvi moja, na hakuna anayeuliza nani yuko juu. Kama tunaweza usawa huo mbele ya mauti, ni kitu gani kinachotuzuia kuuweza tukiwa wazima?

Basi ni lipi la kufanya? Kwanza, tupime chumba kabla ya kununua kitu, wala tusinunue kitu kisha tukatafuta pa kukipenyeza. Pili, katika kila chumba sakafu iliyo wazi iwe kubwa kuliko iliyofunikwa. Tatu, kitu cha kwanza kununuliwa katika nyumba yenye mwanafunzi kiwe meza ya kusomea na kiti chake, hata kama ni vya mbao za msonobari, kabla ya kabati la kuonyesha vikombe visivyonywewa. Nne, samani ziwe ambazo mtu mmoja au wawili wanaweza kuzibeba, na fundi wa mtaani anaweza kuzitengeneza: mabenchi, stuli, vitanda vya kamba, mikeka. Tano, wasanifu wa nyumba zetu wachore baraza, na wachore vishubaka na makabati ndani ya kuta, ili nyumba yenyewe ibebe mzigo ambao sasa umetupwa sakafuni.

Nanyi walimu, mna kazi ambayo maduka hayatawafanyia. Mwambieni mwanafunzi achore sebule. Nina hakika wengi watachora makochi matatu, meza ya kioo na kabati, hata yule ambaye kwao hakuna hata kimoja cha vitu hivyo. Mwulizeni kwa nini hakuchora mkeka ambao jana usiku alilia chakula juu yake. Kimya kitakachofuata ndicho somo lenyewe. Kisha mpelekeni kwa msusi wa mikeka na kwa seremala wa mtaani, awaulize majina ya vitu: ukili, ukindu, tendegu, mfumbati, kitakizo. Maneno haya yanapotea pamoja na kazi zenyewe, na taifa likipoteza majina ya kitanda chake litalala katika kitanda cha mwingine.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza kwamba ukiingia ndani usihesabu vitu. Hesabu ni watu wangapi wanaweza kukaa. Nakunja jamvi hapa, nikijua kwamba kesho katika mtaa fulani vijana watainuliwa tena kulitoa kochi mlangoni. Na wanapoliweka uani juani, mwenye nyumba ajiulize kama kuna haja ya kulirudisha.